Kuongeza kinga, lakini ipi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi dawa za kuongeza kinga manake hapa Kisumu zimezidi, ukishuka Kondele spika inapiga kelele, ukienda Kibuye Jumapili chupa zimepangwa chini, na kila muuzaji anakuambia ati CD4 zako zitapanda, watu wananunua, na kuna wenye wanaacha ARV, zile dawa za HIV, kabisa juu ya hizo chupa, na hapo mimi siwezi nyamaza.

Hiyo CD4 tunapimwa kliniki ni seli za kinga kwa damu, zinaitwa seli T saidizi. Yenyewe haiendi kuua vijidudu, kazi yake ni kama ya mwalimu wa zamu, inaangalia nini kimeingia alafu inatoa amri, na amri zenyewe ni protini ndogo zinaitwa saitokaini. Ikiwa ni TB inatoa intafaroni gama, na zile seli kubwa zenye zilikuwa zimemeza bakteria zikashindwa kuiua ndio sasa zinapata nguvu ya kuimaliza. Ikiwa ni minyoo amri inabadilika, inatoka intalukini 4 na 5, na seli zingine tofauti kabisa ndio zinaamshwa. Wanasayansi Mosmann na Coffman walionyesha haya makundi mawili ya seli T saidizi mwaka wa 1986 wakitumia seli za panya, na baadaye ikajulikana kuwa kundi moja likipanda linabana lingine. Sasa muuzaji akisema anaongeza kinga, anaongeza ya TB ama ya minyoo?

Ndio maana HIV ni mbaya vile, inaua mtoa amri mwenyewe. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kama 500 hadi 1500 kwa maikrolita moja ya damu, zikishuka chini ya 200 TB na magonjwa mengine yanapata mlango wazi.

Na kinga ikizidi pia inaumiza, hii watu wengi hawajui. Sisi wa huku ziwani tunajua bilharzia, mayai ya minyoo yake yakikwama kwa ini ni kinga yetu wenyewe inayazingira mpaka ini linabaki na makovu. Wakati wa korona mwaka wa 2020 wagonjwa wengine waliumizwa na saitokaini zilizofura kama intalukini 6, na dawa iliyookoa baadhi ya wale waliowekwa kwa mashine ya kupumua ni deksamethasoni, dawa ya KUPUNGUZA kinga! Mwili una hata seli T zake za kutuliza zile zingine, na waliozifafanua, Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell, walipewa Nobeli mwaka wa 2025.

Kwa hivyo mhariri naomba mambo mawili. Gazeti lako lisikubali tangazo la dawa ya kinga kabla muuzaji aonyeshe usajili wake kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na waandishi wako waje Kondele na Kibuye wawaulize hawa wauzaji hilo swali la kinga ya TB ama ya minyoo mbele ya wateja wao. Na ndugu yangu kama uliacha ARV tafadhali rudi kliniki wiki hii, ni bure kwa hospitali za serikali, virusi vikishatulizwa CD4 huwa zinapanda zenyewe polepole, hata bila chupa ya mtu.

Msomaji wako,
Kondele, Kisumu