Barua ya malalamiko: niliagiza ndege ya abiria mmeniletea tanka la mafuta

Busia, Uganda

Kwa Meneja,
Mauzo na Huduma kwa Wateja,
Kampala.

YAH: SETI YA MODELI YA SUPER VC10, SKELI 1/144

Bosi, salamu. Mimi ni yule mteja wa Busia ambaye meseji zake mlikuwa mnazijibu kwa alama ya kidole gumba na siku hizi hata hicho kidole hakiji tena, so nimeona niandike barua kabisa labda itafika kwa mtu mwenye uwezo wa kurudisha pesa.

Tangazo lenu lilikuwa na picha ya boksi la modeli ya plastiki ya kujiundia mwenyewe, ndege ya abiria, ubavuni imeandikwa East African, lile shirika letu la zamani, bei shilingi 185,000 pamoja na gundi na nauli ya mzigo kwenye basi. Nikalipa kwa mobail mani hapo hapo bila kubishana bei, kwa sababu hiyo ndege nimeitafuta sana na hizi seti zikiisha zimeisha mpaka kiwanda kiamue kutoa nyingine. Basi likaleta, boda akaniletea mpaka mlangoni, nafungua boksi, East African hamna. Karatasi ya stika ni ya jeshi la anga la Uingereza, viduara vyao na namba za kijeshi, halafu kwenye fremu za plastiki zinazoshikilia vipande kuna yale madude ya kuning'inia chini ya mabawa yanayotoa mpira wa kujazia ndege nyingine mafuta huko huko angani, na ule mrija wa kuchomoza puani. Hilo ni tanka bwana, VC10 K3. Abiria gani anapanda hiyo?

Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kabisa, eti kaka ndege ni ile ile, wewe ipake tu rangi nyeupe. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba amesema kweli bila kujua. East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano, moja ikapata ajali Addis Ababa Aprili 1972 watu 43 wakafa, na shirika lilipovunjika 1977 pamoja na Jumuiya zile nne zilizobaki zikarudi Uingereza, baadaye jeshi lao likazigeuza kuwa matanka, ndiyo hizo K3, zikaendelea kuruka mpaka 2013. Kwa hiyo sawa, bati ni lile lile. Lakini mtu akikuagiza picha ya baba yake akiwa kijana huwezi kumpa ya uzeeni ukamwambia si ni yeye yule.

Na hilo la kupaka rangi naomba mlielewe vizuri maana naona pale dukani hakuna anayejenga hivi vitu. Skeli ya 1/144 maana yake ndege ya mita 52 inakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi. Dirisha la abiria halifiki milimita 3, na yamepangwa mstari mzima toka mbele mpaka karibu na injini, pande zote mbili. Hakuna mkono wa binadamu unaopaka hayo yakalingana, hata ukiziba pumzi. Ndio maana kuna stika za maji: unakata kipande, unakilowesha kwenye maji ya vuguvugu mpaka kianze kuteleza kwenye karatasi yake, unakisogeza juu ya bodi kwa brashi yenye maji, unakandamiza taratibu na kitambaa kutoa hewa, na hapo unapata mstari wa madirisha ulionyooka. Bila hiyo karatasi ya East African mimi sina ndege, nina bomba jeupe lenye mabawa.

Usajili ninaoutaka ni 5X-UVJ. Kumbukeni hilo mkiniagizia. 5X ndiyo alama ya Uganda, 5Y Kenya, 5H Tanzania, na zile ndege ziligawanywa hivyo. Msiniletee 5X-UVA, hiyo ndiyo ya Addis, na mzee wangu ambaye alipakia mizigo Entebbe miaka ile hataki kuiona kabatini. Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini injini zote nne zilikaa nyuma mkiani: mabawa yakibaki matupu yanabeba vizuri zaidi, na ndege ilitengenezwa kwa viwanja vya joto vilivyo juu kama vya kwetu, Entebbe peke yake iko zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari. Haya, hayo si ya barua hii.

Turudi kwenye gundi. Mliahidi gundi ya plastiki, ile nyepesi kama maji inayoyeyusha kidogo pande mbili zikashikana zikawa kitu kimoja. Mkaweka supagluu ya kwenye kioski ya shilingi elfu moja. Najua ile ya kweli inashika moto na usafiri wa ndege haupendi kuibeba, sawa, basi ungeniambia haipo ukapunguza bei. Supagluu nimeijaribu kwenye modeli ya zamani, mvuke wake umeacha ukungu mweupe kwenye kioo cha rubani, na huo ukungu hautoki kwa kufuta na kitambaa. Ingekuwa kwenye VC10 je?

Bawa dogo la juu ya mkia nalo limepinda ndani ya fremu, milimita 2 kwenye ncha. Mtasema milimita 2 ni nini, lakini zidisheni mara 144 muone, ni karibu sentimita 29, ndege ya kweli ikiwa hivyo hairuhusiwi hata kusogea. Hilo lakini siwadai, maji ya moto na subira vitalinyoosha. Wala uzito wa puani siwadai, japo maelezo yanasema uwekwe na kwenye boksi haumo, na kwa injini zile nne nyuma bila uzito modeli inakaa kwa makalio. Nilishapata chubwi za nyavu kwa wavuvi wa Majanji, zinatosha.

Mkaniambia mtanipa MiG-21, ndege ya kivita, ya skeli hiyo hiyo kama fidia. MiG naipenda, ni kadude kazuri, toka ncha ya bawa mpaka ncha sentimita 5 tu, na kwa historia ya Entebbe ya 1976, Waisraeli walipovamia wakalipua MiG zetu pale uwanjani, kila mjenzi wa hapa anataka moja, mimi nilishajenga yangu. Sikuiagiza. Na yule kijana wenu aliyeniuliza kwa simu eti hiyo toi ni ya mtoto wa miaka mingapi, mwambieni ni ya mtoto wa miaka 41 na huyo mtoto ndiye aliyelipa.

Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili. Ama mniletee seti sahihi ya abiria yenye stika za East African na gundi ya plastiki ya kweli, ama mrudishe shilingi 185,000 zote kwenye namba ile ile iliyolipa, sio pointi za dukani, sio punguzo la oda ijayo. Sijakata kipande hata kimoja toka kwenye fremu, stika hazijaguswa maji, picha za boksi nilizopiga siku ya kufungua ninazo na risiti ninayo. Nawapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo nabeba hizi karatasi naenda kwa ofisa biashara wa wilaya.

Boksi nimeshalifunga na kamba. Mkituma jina la basi na saa nitalipeleka stej mwenyewe, nauli ya kulirudisha Kampala mlipe nyinyi.

Mteja wenu,
Busia