Mheshimiwa Waziri, siku 41 tulizolala Ziwa Nyasa naomba zihesabiwe

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,

Shikamoo. Kama umri wako ni mdogo kuliko wangu utanisamehe, cheo nacho kina shikamoo yake.

Mimi ni mtu wa Matema, wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya. Kazi yangu chombo. Sio meli ya kampuni, ni mashua ya mbao futi 28 yenye tanga moja, alituundia fundi tuliyemtoa Kilwa na wakati anaiunda watu walikuwa wanakuja kukaa pale ufukweni kushangaa tu, maana ziwani kwetu wengi wanatumia mitumbwi na maboti ya injini, tanga kubwa namna ile walizoea kuliona kwenye kalenda za Zanzibar. Injini tunayo pia, ya farasi 15, ila petroli ni hela na upepo ni wa Mungu. Tunabeba vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe, mchele wa Kyela, wakati mwingine kakao, tunashuka navyo Manda, Liuli, Mbamba Bay, tukipata mteja tunavuka mpaka upande wa Malawi. Na tunalala humo humo. Turubai likifungwa kwenye foromali, ule mti unaoshika tanga, inakuwa nyumba, kuna jiko la mkaa, magodoro mawili, ndoo, na paneli ndogo ya sola ya kuchajia simu. Kwa mwaka mzima nadhani miezi mitano hivi mimi anwani yangu ni maji.

Sasa naandika kuhusu mwaka 2020. Najua mtu atasema hayo mbona yameshapita, ngoja nifike.

Tuliondoka Matema tarehe 10 Machi 2020, watatu, mimi na baba mdogo ambaye ndo nahodha na ana zaidi ya miaka sitini, na mpwa wangu wa miaka 17. Wakati huo korona tunaisikia redioni ni ya Wachina na Waitalia. Tarehe 16 ndo Tanzania ikatangaza mgonjwa wa kwanza, yule wa Arusha, sisi tayari tuko ng'ambo tunauza vyungu. Tarehe 20 Malawi wakatangaza hali ya janga kitaifa wakati hata mgonjwa mmoja hawajampata (wa kwanza walitangazwa Aprili 2), na pale tulipokuwa tumefunga kamba, sitapataja, wakatuambia kwa upole kabisa ninyi Watanzania bora murudi kwenu. Hatukubisha, nusu ya vyungu ilikuwa imeshauzika, tukapandisha tanga.

Kumbe nyumbani nako tarehe 23 Machi utaratibu umebadilika, anayetoka nchi yenye ugonjwa anakaa karantini siku 14 kwa gharama yake mwenyewe. Tumefika tarehe 25 jioni, hata nanga haijashika vizuri, mtumishi mmoja anatupigia kelele kutoka nchi kavu tusishuke. Nikamwambia sawa mkuu, siku kumi na nne tutakaa, lakini hela ya gesti ya watu watatu hatuna, tukae humu humu ndani ya boti hapa mbele ya macho yako, chakula mama watoto atakiacha kwenye jiwe tutakuja kukichukua akishaondoka. Akasema boti sio sehemu iliyotengwa. Nikauliza iliyotengwa iko wapi, akasema hiyo sio kazi yake, turudi tulikotoka. Tulikotoka ndo wametuambia turudi tulikotoka.

Hapa nisimamishe kidogo Mheshimiwa, maana kuna kichekesho ambacho baba mdogo mpaka leo akikikumbuka anacheka peke yake. Wewe unajua kwamba mpaka wa ziwa hili wenyewe nchi mbili hazijakubaliana uko wapi. Malawi wanashika ule mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, wanasema mpaka ni ufukwe wa kwetu, yaani maji yote yao. Sisi tunasema mpaka ni katikati ya ziwa. Mzee Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, na marais wastaafu wenzake walipewa kazi ya kusuluhisha na bado ramani zinatofautiana. Kwa hiyo mimi nikiwa nimetia nanga hatua mia kutoka kwenye mchanga wa Matema, naona bati la nyumba yangu, kwa ramani yetu niko nyumbani sijavuka chochote, kwa ramani ya jirani niko Malawi bado. Ila siku ile Mtanzania alinifukuza kama mtu aliyeko Malawi na Mmalawi alishanifukuza kama mtu wa Tanzania, wote wawili walikuwa wanatumia ramani ya mwenzao! Hata simu ilichanganyikiwa, usiku inakamata mnara wa ng'ambo inajirudisha nyuma saa nzima, saa mbili inakuwa saa moja, asubuhi inarudi. Mpwa wangu akawa hataki kuhesabu siku kwa simu, akachukua msumari akawa anachora alama kwenye mlingoti kila jua likichomoza.

Zilifika alama 41.

Watu wakisikia umekaa kwenye boti wanadhani ni kupunga upepo. Aprili kwetu ndo masika yenyewe, Kyela mvua haijaribu, inanyesha, na turubai lilikuwa na matundu mawili tuliyoyaziba na mfuko wa simenti. Mchana tunasogea kwenye miamba chini ya milima ya Livingstone, ambako ukuta wa mlima unaingia moja kwa moja majini na nanga haishiki kwa sababu kina ni kirefu mno, ziwa hili linafika zaidi ya mita 700 likitaka, kwa hiyo unafunga kamba kwenye mti uliojiotea kwenye jiwe na unaomba ule mti uwe na mizizi. Jioni upepo ukigeuka lazima mtoke haraka msije mkapondwa. Kulala ni kwa zamu. Kitu kimoja tu nilimshukuru Mungu, maji ya Nyasa unachemsha unakunywa, wenzetu wa baharini hata hicho hawana. Usipa tulikula mpaka mpwa wangu akaapa akishuka hatakula tena samaki mwenye macho.

Alafu vyungu. Hii nayo niiseme. Aprili ile nchi nzima ikaingia kwenye kujifukiza, hata Rais Magufuli akakuzungumzia, kila nyumba inatafuta nyungu, na sisi tumekaa majini na vyungu vya Ikombe zaidi ya mia moja. Mama watoto anapiga simu watu wanaulizia vyungu mpaka kutoka Tukuyu. Nilimwomba yule mtumishi nishushe mzigo tu, watu tubaki, akakataa, vyungu vimetoka nje. Vyungu vimetoka Ikombe, mzee, kwa miguu unafika! Na wiki hizo hizo malori yalikuwa yanapita mpaka wa barabara wa Kasumulu kwa sababu mizigo ilikuwa inaruhusiwa, dereva anapimwa joto anaendelea. Lori ni mzigo, mashua ni nini.

Alama ya 14 ilikuwa Aprili 8. Tulivaa mashati safi tukasogea. Nikasema mkuu siku zimetimia, hatukohoi, hatujagusana na mtu, hizi hapa alama kwenye mlingoti na kijiji kizima kimetuona. Akajibu siku za majini hazihesabiki, zinahesabika za karantini rasmi. Niliumia hapo kuliko popote, maana mtu aliyetengwa na watu kwa siku 14 kuliko sisi sijui ni nani, labda aliyeko kaburini.

Baada ya hapo ndo mpwa wangu akashikwa na homa. Mbu wa Kyela anajulikana, sisi tulijua ni malaria, lakini jaribu kusema neno homa mwezi Aprili 2020. Mitumbwi iliyokuwa inapita karibu kutusalimia ikaanza kuzunguka mbali. Siku mbili kijana anatetemeka chini ya turubai, baba mdogo anamkanda na kitambaa, na ilikuwa ndo zile siku tatu za maombi ya kitaifa, 17 mpaka 19 Aprili, tunasikia nyimbo za kanisani zinakuja juu ya maji. Nesi mmoja ambaye simtaji nisije nikamponza akaja gizani ufukweni, akatuelekeza kwa simu, akaweka dawa mseto na kile kipimo cha kidoleni ndani ya chupa ya soda, akafunga kifuniko, akaisukuma kwenye maji. Mwanga wa tochi tu ndo tuliuona. Kipimo kikaonyesha mistari miwili, malaria kama tulivyosema. Ndaga fijo dada, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, popote ulipo.

Unataka kujua tulishukaje? Hatukuruhusiwa. Mwanzo wa Mei mwera ukaanza, ule upepo wa kusi unaotembea ziwa zima urefu wa kilometa zaidi ya 500 bila kukutana na kitu, ukifika kwetu kaskazini mawimbi yameshakuwa watu wazima. Usiku wa tarehe 4 Mei kamba ikakatika kwenye mwamba, baba mdogo akasema mimi sifi nikiwa naangalia nyumba yangu, akageuza usukani tukaipandisha mashua mchangani. Asubuhi tukapita sokoni kama watu wengine. Yule mtumishi alinikuta kwenye duka la sukari, akaniuliza bei ya vyungu.

Basi. Wiki moja baadaye Zambia wakafunga mpaka wao wa Nakonde, upande wetu pale Tunduma foleni ya malori ikawa habari nchi nzima, viongozi wakakutana, ikatafutiwa dawa ndani ya siku chache. Foleni ya lori inapigwa picha. Mtu aliye ndani ya boti hana foleni, anaelea tu peke yake.

Baadaye nilianza kufuatilia, nikakuta kumbe hatukuwa peke yetu duniani. Baharini kuna watu wanaoishi kwenye maboti ya matanga, familia nzima na watoto, wanazunguka dunia, na Machi ile iliwakuta katikati ya maji wakaanza kukataliwa visiwa kimoja baada ya kingine. Muargentina mmoja alitoka kisiwa cha Porto Santo cha Ureno peke yake akimfuata baba yake mzee, Cape Verde hawakumruhusu kuongeza chakula wala mafuta, akafika kwao baada ya siku 85. Lakini Fiji, nchi ya visiwa tu, mwaka huo huo wakaweka utaratibu kwamba boti ikija, siku ulizokaa baharini zinahesabiwa kwenye zile 14, zilizobaki unamalizia bandarini ndani ya boti yako. Nilivyosoma hiyo nilimsomea baba mdogo kwa sauti, akanyamaza muda mrefu, akasema kumbe hesabu yetu ilikuwa sahihi.

Na sio hisani, Mheshimiwa. Zile Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ambazo na sisi ni wanachama, kifungu cha 28 kinasema chombo kisizuiwe kufika bandarini kwa sababu ya afya, kama bandari haina uwezo kielekezwe iliyo karibu yenye uwezo, na cha 27 kinasema hata kikikutwa na dalili za ugonjwa kisinyimwe maji, chakula na mafuta chini ya usimamizi. Nikaangalia maana ya chombo nikidhani ni meli kubwa za baharini, nikakuta wameandika na vya maji ya ndani, ilimradi kimetoka safari ya nchi nyingine. Mashua yangu imo humo.

Kwa nini nimeandika leo? Kwa sababu mambo haya yanarudi. Malawi kuanzia Machi 2022 walipata kipindupindu kibaya kikaua watu zaidi ya 1,700, na sisi tunanywa ziwa moja. Marburg imeingia Kagera 2023 ikarudi Januari 2025. Aprili 2025 mazao ya Malawi yakapigwa marufuku kwa muda kwa mvutano wa biashara, hata ugonjwa haukuwepo, na watu wa vyombo vidogo tukaanza kupigiana simu tuliopo majini tufanyeje. Kila mara tangazo linataja viwanja vya ndege na mipaka ya barabara, sisi tunajitafuta ndani ya tangazo kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya meli mpya. Itungi au Matema patajwe mahali pamoja, kwa maandishi, ambapo chombo kidogo kikitoka ng'ambo wakati wa ugonjwa kitatia nanga na watu wakae humo humo ndani, wapandishe bendera ya njano kama wanavyofanya wa baharini kuonyesha wanasubiri watu wa afya, nesi aje, na siku zihesabiwe tangu nanga iliposhuka. Daftari la nahodha likubalike kama ushahidi, hasa likigongwa mhuri na mwenyekiti wa kijiji. Mwera ukichachamaa chombo kiruhusiwe kupanda mchangani hata kama siku hazijatimia, watu watalala humo humo, hawatakimbia, wanakimbilia wapi. Na yule mtumishi wa pale chini apewe hiyo karatasi mkononi, kwa sababu nikisema ukweli simlaumu sana, na yeye alikuwa na tangazo la redio tu na hofu yake.

Nakala ningempa Mkuu wa Mkoa ila nasikia vikao ni vingi.

Ukipita Kyela, Jumamosi sisi tuko Lyulilo kwenye mnada wa vyungu. Mlingoti hatujaubadilisha. Alama zipo 41, ila ya 23 na 24 zimeshikana kwa sababu mpwa wangu ndo alikuwa na homa, zilichorwa na baba mdogo na macho yake sio mazuri.

Ni mimi,
mwenye mashua, Matema