Tafadhali usiuze miti ya korongoni

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Muheza tu wazima, watoto wanakusalimu. Nimepata ujumbe wako kuhusu shamba la marehemu baba kule juu, upande wa Amani, na yule mnunuzi anayetaka miti yote ya korongoni, kisha kipande cha juu akisafishe apande iliki. Umeniomba ushauri. Nakujibu kama mtu uliyesoma naye kipaimara: naomba usiuze.

Kabla ya kukuandikia nilipanda nikaone mwenyewe. Pale kijito kinapopita kwenye mwamba mkubwa, yale maua madogo ya zambarau yamechanua. Niliinama nikalitazama moja kwa muda mrefu. Jani lake ni nene na lina manyoya laini, ua lenyewe ni jepesi kama karatasi, katikati lina vichwa vya manjano. Limeshika kwenye ufa wenye udongo usiojaa hata kijiko. Mbegu za maua haya zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku Tanga, na leo yanauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani. Kule mtu huyamwagilia. Hapa kwetu anayeyamwagilia ni Mungu, kwa ukungu na kivuli cha ile miti mikubwa, mitambara na misambu. Ikikatwa, jua likaupiga ule mwamba mchana kutwa, hayatamaliza kiangazi.

Hatua chache kutoka hapo nikamwona kinyonga asiyezidi kidole gumba, rangi ya jani kavu, ametulia juu ya majani makavu. Kama asingesogeza jicho nisingemtambua. Nilisema kwa sauti, peke yangu msituni: "Ee Bwana, jinsi yalivyo mengi matendo yako! Kwa hekima umevifanya vyote pia." Zaburi hiyo ya 104 tumeiimba kwaya miaka mingi. Utakumbuka inawataja hata wibari na magenge yao; basi perere, wale pimbi wa mitini wanaopiga kelele usiku kule kwenu, ni ndugu zao hasa. Mungu anawajua. Na baadhi ya viumbe vya milima hii hawapatikani mahali pengine popote duniani. Vikiisha Usambara vimekwisha kabisa, na sisi ndio tuliokabidhiwa.

Sasa kuhusu iliki. Mnunuzi amekwambia ataacha miti mirefu michache kwa kivuli, kwa hiyo msitu utabaki. Si kweli, ndugu yangu. Iliki hutaka chini pafyekwe pawe peupe, kwa hiyo miche ya miti haikui tena. Ile mirefu ikizeeka na kuanguka hakuna ya kuipokea nafasi. Baada ya miaka kadhaa ardhi huchoka, mkulima huhamia kipande kingine. Zungukia vijiji vya kule juu, utaona yalipo mashamba ya zamani ya iliki na jinsi msitu ulivyokonda hapo.

Halafu kuna maji. Upepo wa bahari ukipanda milima yetu huacha unyevu kwenye majani, unadondoka, unazama ardhini, unatoka taratibu kwenye vijito hata wakati wa kiangazi. Kijito chenu kinaingia mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowanywesha watu wa Tanga mjini. Mama anayefungua bomba kule Ngamiani hakujui, wala hajui kwamba korongo la baba yako lipo. Lakini Bwana alipotuamuru kumpenda jirani hakusema tumpende yule tunayemwona tu.

Umeandika kwamba Mungu alimpa mwanadamu kuitawala dunia. Ni kweli, Mwanzo sura ya kwanza inasema hivyo. Ila sura ya pili inaonyesha kazi yenyewe: alimweka bustanini "ailime na kuitunza". Na Kumbukumbu la Torati 20 inakataza kukata miti ya matunda ya adui hata mji wake ukiwa umezingirwa vitani. Kama Mungu aliwawekea mipaka watu walioshika silaha, sisi tulio katika amani tutajitetea vipi mbele zake?

Wenzetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT) kule Kilimanjaro, chini ya Askofu Fredrick Shoo, waliwafundisha vijana wa kipaimara kupanda miti kama sehemu ya imani yao. Nawapongeza kwa moyo wote, na ningependa usharika wetu ufanye hivyo. Lakini miche tutakayopanda haiwezi kulipa msitu kama huo wa korongoni. Uliokwishapandwa na Mungu tuutunze kwanza.

Najua kwamba ada ya binti yako haingoji, na wadogo zako wanataka mgawo wao. Sikuhubirii kutoka mahali pa shibe. Ndiyo maana nimewaza hivi: kile kipande cha chini, ambacho tayari ni shamba, kinafaa sana karafuu, mdalasini na pilipili manga. Msambu nao unaleta fedha ukiwa umesimama. Matunda yakianguka mnaokota, mbegu zinakaushwa na kuuzwa kwa ajili ya mafuta yake. Haitakuwa fedha ya mkupuo kama ya mnunuzi, lakini mwakani itakuwepo, na mwaka unaofuata pia.

Kwa ada ya muhula huu, nimeongea na mke wangu. Tunaweza kukukopesha sehemu, utarudisha karafuu zikianza kuzaa. Usione haya kupokea.

Nipigie kabla ya kikao cha ukoo. Ukipenda nitakuja nizungumze na wadogo zako, wananisikiliza. Na kama umeshapokea kishika uchumba cha mnunuzi, niambie ukweli ili tuone namna ya kukirudisha mapema.

Mama msalimie sana.

Ndugu yako katika Kristo.