Barua ya malalamiko: maoni ya watazamaji juu ya "Rurouni Kenshin"

Mteja wenu,
Tanga.
12 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kuonesha Filamu kwa Intaneti,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAONI YA WATAZAMAJI JUU YA "RUROUNI KENSHIN" NA KUKOSEKANA KWA SEHEMU YA TATU

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mteja wenu kwa mwaka wa pili sasa, na kifurushi cha mwezi sijawahi kukichelewesha. Tarehe 3 mwezi huu niliwaandikia kuuliza ni lini mtaweka sehemu ya tatu ya "Rurouni Kenshin", filamu za Kijapani za mpiga panga aitwaye Kenshin, kwa kuwa mbili za mwanzo mnazo. Siku tatu baadaye nikapata jibu fupi kwamba sehemu ya pili imepewa na watazamaji nyota mbili kati ya tano, kwamba filamu hizi kwa hiyo hazikupokelewa vizuri, na kwamba hamna mpango wa kuongeza nyingine. Nimelitafakari jibu hilo, kisha nikakaa jioni nzima nikayasoma maoni yote yaliyoandikwa chini ya sehemu hiyo ya pili. Ninaandika kuwaarifu kwamba zaidi ya nusu ya lawama zilizomo humo zinawahusu nyinyi, na walioitengeneza filamu hazijawagusa.

Nianze na lawama iliyo kubwa kuliko zote, kwamba filamu haina mwisho. Mmoja ameandika, "Steringi kaokotwa ufukweni, halafu basi?" Mwingine amesema amepoteza zaidi ya saa mbili za Jumapili yake. Ndugu Meneja, sehemu ya pili ilitoka Japani tarehe 1 Agosti 2014 na ya tatu tarehe 13 Septemba mwaka huo huo, wiki sita tu baadaye, kwa sababu ni hadithi moja iliyokatwa vipande viwili tangu mwanzo. Mwongozaji Keishi Otomo anaimalizia sehemu ya pili pale Kaoru, binti ambaye Kenshin anaishi nyumbani kwake, anapotupwa baharini kutoka kwenye meli ya Shishio, adui mkuu, Kenshin anajitosa kumfuata, na mawimbi yanamleta Kenshin peke yake ufukweni, ambako mtu tusiyemjua anamkuta. Mtu huyo ni nani, Kaoru yu hai au la, na Shishio atakabiliwa vipi, majibu yote yako katika sehemu ya tatu. Anayeuza kipande cha kwanza cha hadithi bila cha pili, kisha akakataa kuleta cha pili kwa sababu wanunuzi wamelalamika kwamba cha kwanza kimekatika, anazitumia lawama dhidi yake kuwa ushahidi wa kumtetea. Sijui ni nani katika ofisi yenu aliyeupitisha uamuzi huo, lakini napenda kuamini kwamba hakuyasoma maoni yenyewe, aliangalia nyota tu.

Lawama ya pili inatokana na tafsiri ya Kiswahili mnayoipitisha chini ya picha, na hapa naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, maana ndipo filamu ilipoharibiwa zaidi. Kenshin alikuwa muuaji wa kutumwa katika vita vilivyouangusha utawala wa ukoo wa Tokugawa huko Japani, na hadithi inamkuta miaka kumi baadaye, mwaka 1878, akiwa ameapa kutoua tena. Upanga wake ndio kiapo chenyewe. Upanga wa kawaida wa Kijapani una makali upande wa nje wa mkunjo. Wake una makali upande wa ndani, unaomwelekea yeye mwenyewe, kwa hiyo anapompiga mtu humpiga kwa mgongo wa upanga, na akitaka kuua hana budi kuugeuza. Tafsiri yenu inauita "upanga butu" mwanzo hadi mwisho. Mtazamaji mmoja akauliza, "Kama ni butu si angebeba rungu tu?" Kwa mtu aliyeyategemea maandishi yenu, swali hilo ni la haki kabisa.

Ubaya wa kosa hilo unaonekana katika sehemu hiyo hiyo ya pili. Upanga wa Kenshin umevunjwa na Sojiro, mfuasi wa Shishio, na sasa anapambana na Cho, mfuasi mwingine, aliyemteka mtoto mchanga. Kenshin anarushiwa upanga wa mwisho uliofuliwa na fundi Shakku, naye anauchomoa akiamini kwamba ni wa kuulia, kisha anapiga. Kwa kitambo kifupi yeye na sisi sote tunaamini kwamba kiapo kimevunjika. Ndipo anapoutazama na kuona kwamba makali yako upande wa ndani, sawasawa na ule uliovunjika. Pale ambapo mtazamaji anapaswa kushusha pumzi, maandishi yenu yanasema, "Huu nao ni butu." Mtu aliyekuwa akila karanga ataendelea kula karanga.

Liko pia suala la heshima. Kenshin humwita Kaoru kwa neno la adabu la Kijapani, "dono", kwa sababu ni mwenye nyumba yake na mrithi wa chuo cha upanga, ingawa ni binti mdogo. Mtafsiri wenu ameweka "Bibi Kaoru". Katika vitabu vya zamani neno hilo lingepita bila swali, lakini kwa kijana wa leo wa Tanga au Mwanza bibi ni mama yake baba, na ndiyo maana chini ya filamu kuna mabishano marefu, nusu ya utani na nusu ya kweli, kuhusu kwa nini mwanamume huyu anampenda bibi yake. "Bi Kaoru" lingetosha. Wale watafsiri wa kwenye vibanda umiza, ambao wengi wetu tumekua tukiwasikiliza tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya mbao, huongeza chumvi nyingi, lakini jambo kama hilo wasingeliacha lipite.

Maandishi ya Kijapani yanayotokea kwenye picha yenyewe hayakutafsiriwa hata kidogo, na hivyo watu wanauliza kwa nini kubeba upanga ni kosa. Mstari mmoja kuhusu sheria ya mwaka 1876 iliyopiga marufuku kubeba panga hadharani ungemaliza swali.

Nisieleweke vibaya. Yako maoni ya haki juu ya filamu yenyewe, na hayo siombi yaguswe. Nilizisoma manga za Nobuhiro Watsuki, yaani vitabu vya hadithi za michoro ambamo filamu hizi zimetoka, juzuu zote 28, na nakubaliana na anayesema kwamba safari ya Kenshin kwenda Kyoto kumkabili Shishio, ambayo kitabuni inachukua juzuu zaidi ya kumi, imebanwa mno. Wapiganaji kumi wa Shishio wengi wao wanapita tu mbele ya kamera. Aoshi, mpinzani mwingine wa Kenshin, ambaye hakuwekwa kabisa katika filamu ya kwanza ya mwaka 2012, anaingia katika ya pili akiwa na hasira ambayo sababu yake inabidi ielezwe harakaharaka. Hata hivyo watazamaji hao hao, wanapoacha kulaumu tafsiri, wanakubaliana juu ya jambo moja: kwamba Takeru Satoh, anayemwigiza Kenshin, anakimbia, anateleza na kugeuka chini kabisa karibu na ardhi kama alivyochorwa, na kwamba mapigano yaliyopangwa na Kenji Tanigaki yana uzito wa miili ya watu. Filamu nyingi zilizotokana na manga zimeshindwa hapo, zikabaki na mawigi ya rangi tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Sehemu ya tatu iwekwe, na hadi hapo sehemu ya pili ibandikwe tangazo mwanzoni kwamba hadithi haijaisha. Tafsiri ipitiwe upya na mtu anayeanza na maneno ya Kijapani, kwa kuwa iliyopo imetokana wazi na sauti za Kiingereza mlizoziweka juu ya waigizaji. Tena mtenge mahali pa mteja kulalamikia huduma, mbali na mahali pa kuipa filamu nyota, ili anayeudhika na maandishi yenu asilazimike kuwaadhibu Otomo na waigizaji wake.

Maoni yangu mwenyewe, niliyoyaandika tarehe 7 nikieleza haya kwa ufupi, yaliondolewa kesho yake bila maelezo. Naomba yarudishwe, au nielezwe ni kanuni gani yaliyoivunja. Nimeambatanisha nakala yake, risiti ya malipo ya mwezi huu, na orodha ya dakika 23 ambazo tafsiri ina makosa. Nitasubiri jibu la maandishi hadi tarehe 31 Machi, siku ambayo kifurushi changu kinaisha.

Wenu,

Mteja (jina na namba ya akaunti vimo kwenye kiambatisho)