Kikao cha Jumamosi: mafunzo kwa vitendo yenye malipo

Habari za jioni wapendwa, na poleni na mitihani.

Tunakutana Jumamosi hii saa 2:00 usiku, saa za Chicago, kwa Zoom. Ajenda ni maombi ya mafunzo ya saikolojia ya shule kwenye wilaya za shule za umma zinazolipa.

1. Njoo na wasifu wako na ripoti moja ya tathmini ya mtoto. Tafadhali, futeni jina la mtoto kurasa zote. Mwaka jana mwenzetu alilifuta ukurasa wa kwanza, likabaki ukurasa wa nne, chini ya jedwali la alama. Huyo ni mtoto wa mtu.

2. Ulizeni mapema nani atawasimamia. NASP, chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule Marekani, inataka saa 1,200 za mafunzo, angalau 600 ziwe shuleni, na usimamizi wa wastani wa saa 2 kwa wiki. Posho nzuri bila msimamizi haitoshi.

3. Wenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi): kibali cha CPT (kazi ya mafunzo iliyo sehemu ya masomo) kitoke kabla ya siku ya kwanza ya kazi. CPT ya muda wote ikifika miezi 12, umepoteza OPT (kibali cha kufanya kazi ya fani yako, kwa kawaida baada ya kuhitimu).

Na Kiswahili kiandikeni juu kabisa ya wasifu. Watoto waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma wamo kwenye madarasa hayo, na mtoto akipimwa kwa Kiingereza asichokielewa, alama zile hazimsemi yeye.

Naomba kila mmoja ajibu hapa "Nipo" au "Sitaweza" kabla ya Alhamisi usiku, ili nipange nani asome ripoti ya nani. Asanteni sana.