Kabla Hajakutupa

Njoro,
Jumapili jioni.

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako amerudi kutoka kanisani sasa hivi na ananiambia nikuulize kama bega bado linauma, na kama ni kweli ulienda hospitali au ulimtuliza tu kwenye simu. Mvua imenyesha vizuri na viazi vimechanua. Yule ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike. Mengine utayaona ukija.

Dhumuni la waraka huu ni yule farasi. Ulipopiga simu Ijumaa ulisema hana akili, leo ni mpole hata mtoto wa chekechea anampanda, kesho anakurusha juu ya ua bila sababu yoyote. Nilinyamaza kwa kuwa mama yako alikuwa anataka simu, usidhani nilikubali. Nimekuwa saisi, mtunza farasi, miaka 26. Nimepigwa teke la paja, nimevunjwa kidole, nimeng'atwa mahali ambapo siwezi kumtajia binti yangu. Farasi aliyebadilika bila sababu sijamwona. Sababu nilizochelewa kuziona, hizo nimeziona nyingi, na moja ilinitia aibu hadi leo.

Ulikuwa hujazaliwa. Nilifanya kazi kwenye shamba moja upande wa Rongai, na pale tulikuwa na farasi mwekundu aliyehasiwa, mrefu, tukimwita Jemadari. Wiki nzima anakwenda vizuri. Halafu siku moja, ukimgeuza kushoto tu, anarusha kichwa, anasimama kwa miguu ya nyuma, na aliye juu atajua mwenyewe atakavyoshuka. Kesho yake tena mpole. Wengine walisema amerogwa. Mimi sikuamini uchawi, niliamini fimbo. Nilimpiga, mwanangu, na nilimpiga nikiwa na hasira, nikisema shukrani ya punda ni mateke. (Methali hiyo siku hizi siipendi. Hakuna aliyemuuliza punda alikuwa amebebeshwa nini.)

Siku moja daktari wa mifugo alikuja kumtibu farasi mwingine aliyekuwa na msokoto wa tumbo. Alipomaliza akamwona Jemadari akila nyasi huku akidondosha mabunda yaliyotafunwa nusu, akaomba kumtazama mdomo. Akamshika ulimi kwa pembeni, akamulika kwa tochi, kisha akanipa tochi mimi. Magego ya juu yalikuwa yamechongoka upande wa nje kama msumeno, na ndani ya shavu la kushoto kulikuwa na kidonda kikubwa kama sarafu ya shilingi. Meno ya farasi huendelea kuchomoza maisha yake yote na kusagana, na yasiposagana sawasawa hubaki na ncha. Daktari akayasugua kwa tupa ndefu. Baadaye tulipoketi kunywa chai akaniuliza ni nani humfunga mkanda wa pua. Nikasema tunapokezana, lakini wenzangu huulegeza mno, mimi huukaza vizuri.

Basi ndiyo hiyo. Ukiukaza mkanda ule, unayabana mashavu kwenye magego. Siku alizokuwa mkorofi zilikuwa siku za zamu yangu. Jemadari hakuwa akigeukageuka hata kidogo, alikuwa wa uhakika kuliko saa. Kidonda kilipona upesi, akarudi kwenda kushoto na kulia bila shida. Lakini kwa muda wa mwaka mzima, nikiinua mkono kumfuta uso, aliinua kichwa na kurudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, kila mara.

Sasa tuje kwa huyo wako. Kwenye simu ulinieleza mambo mengi bila kujua kwamba unanieleza. Ulisema matandiko yalibadilishwa mwezi uliopita, na kwamba ukimfunga mkanda wa tumbo anageuza kichwa kutaka kukung'ata, ukacheka. Mimi sikucheka. Tena mara zote mbili alipokutupa ilikuwa alasiri, njia ile inayopita nyuma ya mabanda ya maua, na mara ya pili yule farasi mzee mwenzake aliachwa zizini. Hebu yaweke hayo pamoja kabla hujaniambia habari ya akili.

Anza na mgongo. Kesho asubuhi, kabla ya kumfunga chochote, simama upande wake wa kushoto. Weka kiganja juu ya mgongo, pale mabega yanapokutana mwisho wa shingo, ukishushe polepole kuelekea kiunoni, upana wa vidole vitatu kutoka uti wa mgongo. Kisha urudie kwa ncha za vidole, ukibonyeza kama unavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva. Usitazame mkono wako. Tazama masikio. Penye maumivu, sikio litalala nyuma au ngozi itaruka kama imetuliwa na inzi, au mgongo utadidimia chini ya vidole vyako. Fanya hivyo na upande wa kulia. Ukitoka kumpanda, mvue tandiko polepole uangalie jasho. Linapaswa kulowa sawasawa pande zote mbili. Ukiona pameloa kote halafu kuna kiraka kikavu kama kiganja, hapo ndipo tandiko linapomfinya. Manyoya meupe yakiota mahali ambapo hayakuwapo, ujue pamefinywa muda mrefu. Tandiko halipaswi kuugusa uti wa mgongo hata kidogo. Ukiwa umeketi juu, vidole vyako vipite kati yake na mabega.

Mgongo ukiwa salama, nenda kwenye tumbo. Huyu mnyama ameumbwa ale nyasi karibu siku nzima. Tumbo lake ni dogo kuliko unavyodhani, na linatoa asidi usiku na mchana hata kama hajala. Mkimpa nafaka asubuhi na jioni tu, katikati amesimama bure, vidonda vya tumbo haviko mbali, na mwenye vidonda hapendi kukazwa mkanda. Nyasi kavu ziwepo daima, na apate kidogo kabla ya kupandwa. Nafaka nyingi na kazi kidogo nayo humchemsha damu, hilo unalijua. Na kwa sababu huko mnafuga kuku jirani na stoo, nakuonya: chakula cha kuku kisiguse ndoo ya farasi kamwe. Kuna dawa iitwayo monensini inayotiwa kwenye baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe. Kuku haimdhuru, farasi inamharibu moyo na kumuua.

Jifunze pia kumhesabu mapigo. Pitisha vidole viwili chini ya taya, utaupata mshipa. Akiwa ametulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Akiwa amesimama zizini na yanapiga 60, ana jambo, hata kama uso wake umetulia.

Kuna jambo moja nitalisema haraka kwa sababu ni nadra, lakini likikukuta halitakusubiri. Farasi akibadilika ghafla kabisa, akawa anadondokwa na mate, anashindwa kumeza, anayumba, usimtie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa humpata farasi pia. Mfungie, kaa mbali, mwite daktari.

Sasa hiyo njia ya mabanda ya maua. Nimepita Naivasha mara nyingi, najua upepo wa ziwani alasiri unavyozipiga zile nailoni zilizofunika mabanda. Wewe unasikia nailoni. Yeye anasikia kitu kikubwa kinachotembea nyuma ya ua, na upepo umemnyang'anya harufu na umemvuruga masikio, hana namna ya kujua ni nini. Macho yake yako pembeni, anaona karibu kila upande isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kitu alichokizoea wakati wa kwenda kinaweza kumshtua wakati wa kurudi, kwa kuwa sasa anakiona kutoka upande mwingine. Ongeza kwamba mwenzake hayupo. Farasi mmoja peke yake analazimika kulinda pande zote. Wakiwa wawili, mmoja hulinda, mwingine hupumzika. Ndiyo maana hata kulala chini kabisa hawalali kama hawana mlinzi.

Alikupa ishara kabla, hilo sina shaka. Shingo ilikakamaa, ikainuka. Masikio yote mawili yakalenga mahali pamoja kama bunduki. Hatua zikafupika. Mgongo chini yako ukawa mgumu kama ubao. Hapo ulikuwa bado na sekunde tatu au nne, na najua ulizitumia vipi, maana sote huanzia hapo: ulibana miguu na kuvuta hatamu zote mbili. Kwa mnyama aliyekwisha kuogopa, hiyo ni kama kumshika mtu shingoni gizani.

Vuta moja tu. Teleza mkono kwenye hatamu ya upande mmoja, uilete taratibu kuelekea paja lako mpaka kichwa kigeuke, miguu ya nyuma ipishane. Miguu ya nyuma ikipishana hana nguvu ya kutimka. Lakini kama tayari anakwenda shoti, usimkunje ghafla, mtaanguka wote. Mzungushe duara kubwa, ulipunguze kidogo kidogo. Akisimama kwa miguu ya nyuma, achilia hatamu, inama mbele, shika singa, zile nywele za shingoni, au ukumbatie shingo. Wengi waliofunikwa na farasi walimvuta wenyewe kwa nyuma. Akianza kurukaruka na kurusha matako, mwinue kichwa na umsukume aende mbele, kwa kuwa kichwa kikiwa juu hawezi kuruka vizuri. Na ukiona hali inaelekea pabaya kabla haijafika, shuka. Hakuna aibu. Toa miguu yote miwili kwenye vikuku vya tandiko kwanza. Helmeti kila siku, buti zenye kisigino kila siku, na kamba usijizungushie mkononi hata kwa dakika moja. Mzee tuliyefanya naye kazi aliacha vidole viwili kwenye kamba kama hiyo.

Kumzoesha nailoni kunahitaji subira kuliko nguvu. Chukua gunia la nailoni, mtu alishike mbali, mbali kiasi kwamba farasi analiona lakini bado anakula. Lisogezwe hatua moja. Akiinua kichwa, mwenye gunia asimame hapo hapo, asirudi nyuma. Angoje mpaka farasi ashushe kichwa, alambe midomo, apumue kwa nguvu. Hapo ndipo mwenye gunia aondoke nalo. Ukiliondoa akiwa anaruka, umemfundisha kwamba kuruka kunafukuza magunia. Farasi hujifunza pale unapomwachia, wala hajifunzi pale unapombana. Dakika kumi zinatosha. Siku ya kwanza yule mwenzake mzee awe karibu, akitafuna nyasi zake bila kujali, atakusaidia kuliko mimi.

Lililobaki ni gumu kuliko farasi. Hawa wageni wa mwisho wa wiki wasimpande huyu hadi atazamwe mgongo, tumbo na meno. Najua wewe ni mgeni hapo na msimamizi wako ameshasema mwanamke haiwezi kazi ya farasi. Kwa hilo unaweza kumkumbusha, ukipata nafasi na ukiwa na adabu, kwamba Beryl Markham alikulia hapa hapa Njoro kwenye shamba la farasi la babake, akawafunza farasi wa mashindano kabla hajaruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki mwaka 1936. Ila usianzie hapo. Anza na ulichokiona. Usimwambie farasi ni mgonjwa, atakuuliza wewe ni daktari tangu lini. Mwambie: nikibonyeza hapa anafanya hivi, njoo uone. Mshikishe mkono mwenyewe.

Akikataa, akakuamuru umpandishe mtoto wa mtu, ukatae. Tumelizungumza na mama yako jana usiku. Karo ya mdogo wako ya muhula huu bado haijatimia na wewe unalijua hilo, lakini tumekubaliana. Tutamuuza yule ng'ombe dume.

Nimempa dereva wa matatu bahasha hii pamoja na kifurushi. Ndani kuna brashi yangu ya zamani, ile ya mpini wa mbao, na kamba laini ya kuongozea. Brashi hiyo msugue nayo shingoni, siyo usoni. Usoni tumia kitambaa, na usiinue mkono haraka.

Uniandikie, au unipigie mchana mtandao ukiwa mzuri. Nieleze sikio lilifanya nini ulipofika upande wa kulia.

Ni mimi,
Baba yako.