Filamu za walimu zifundishwe kama vitabu vingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba wanafunzi wa sekondari wanaangalia sinema saa za masomo. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na wanafunzi wangu wa madarasa ya juu husoma filamu zinazohusu walimu. Malalamiko yake yana msingi pale filamu inapowekwa wiki ya mwisho wa muhula, mitihani imeshasahihishwa, mwalimu yuko pembeni anajaza ripoti, na darasa zima linatazama saa mbili bila kuulizwa swali hata moja. Hapo muda umepotea kweli. Ila sikubaliani naye anaposema filamu zitolewe kabisa darasani. Zinatakiwa zifundishwe, kwa uzito uleule tunaoupa riwaya na tamthilia.

Mfano mzuri ni Stand and Deliver, ya mwaka 1988. Inamhusu Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia aliyefundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Garfield, mashariki mwa Los Angeles, Marekani. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani mgumu wa kalkulasi, tawi la juu la hisabati, wakafaulu. Waliosimamia mtihani huo wakawashuku 14 kati yao kwamba wameibia. Kumi na wawili wakakubali kuurudia, na wote wakafaulu tena. Hayo yalitokea kweli, na ndiyo maana filamu hii inafaa sana darasani, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuiweka kando ya tukio lenyewe na kuuliza mwongozaji amechukua nini na ameacha nini.

Siku ya kwanza sionyeshi filamu nzima. Naonyesha kipande kifupi ambapo Escalante anaingia darasani na mavazi ya mpishi, ana matufaha na kisu kikubwa cha buchani, anayakatakata na kuwauliza wanafunzi kila mmoja amebakiwa na sehemu gani ya tunda. Mara ya kwanza nazima sauti. Swali langu ni dogo: kamera inamtazama nani sasa hivi, na kwa nini? Bila sauti, wanafunzi wanaanza kuona mambo ambayo maneno yangewapita nayo, kama vile nani anaonyeshwa uso na nani anaonekana kisogo tu, au ni wakati gani picha inamwacha mwalimu na kumfuata kijana aliyejiegemeza nyuma kana kwamba hayamhusu. Ndipo nafungulia sauti, tunarudia kipande kilekile, na madaftari yanafunguliwa. Mzazi akipita dirishani dakika hiyo ataona sinema, lakini kinachoendelea ni uhakiki.

Kuna sehemu mbili za filamu hiyo ambazo darasa langu haliziachi zipite.

Moja inamhusu kijana anayeitwa Angel, anayetembea na genge la mtaani. Anamwendea mwalimu na kumwomba nakala kadhaa za kitabu kilekile, ili kimoja kikae nyumbani na vingine shuleni, asije akaonekana njiani amebeba kitabu. Nikifika hapo huwa nanyamaza. Wavulana wangu hawahitaji kuelezwa. Wanaijua aibu ya kuonekana unapenda kusoma mbele ya wenzako wanaokuhesabu mtu wa mtaa, na mara nyingi ndiyo mara ya kwanza wanaisema kwa sauti mbele ya mtu mzima. Mmoja aliandika katika insha yake kwamba yeye husoma usiku nyumbani, na asubuhi darasani hujifanya hajui, akiulizwa anatikisa kichwa. Nimefundisha riwaya nzuri kwa miaka mingi, na sijawahi kupata sentensi ya ukweli kama ile kutoka kwa kijana yule. Filamu ilimpa mtu wa kumbebesha hofu yake, akapata njia ya kuisema bila kujianika.

Sehemu ya pili ni ile ambayo Escalante anakwenda mgahawani kwa baba wa msichana anayeitwa Ana. Baba anataka binti aache shule akafanye kazi kwenye biashara ya familia. Mwalimu anataka arudi darasani. Mazungumzo yanaharibika. Watazamaji wengi wanasimama upande wa mwalimu moja kwa moja, na filamu inawasukuma huko. Darasani kwangu msichana mmoja aliinuka kumtetea baba. Alisema yule mzee ameijenga biashara ile kwa mikono yake, kuna watu wanaoitegemea, na mwalimu ameingia mahali pa mtu kumwambia kwamba maisha aliyoyajenga hayamtoshi mwanawe. Mwenzake akamjibu kwamba biashara ni ya baba, lakini akili ni ya Ana. Wakabishana hadi kengele ikalia, na siku iliyofuata walikuja wameandaa hoja. Nilichofanya mimi ni kuwataka kila mmoja ataje neno, tendo au picha ndani ya filamu inayoshikilia hoja yake. Kutafuta ushahidi katika matini ndicho kitu ambacho mtihani wa fasihi unakipima, na siku ile walikifanya bila kusukumwa.

Kisha tunaingia kwenye yale ambayo filamu imeyaacha, na hapa ndipo naona faida kubwa kuliko zote. Anayeitazama filamu hiyo peke yake anaweza kuondoka akiamini kwamba mwalimu mmoja mwenye moyo alichukua vijana wasiojua hata hesabu za sehemu na kuwafikisha kwenye kalkulasi kwa muda mfupi tu. Haikuwa hivyo. Escalante alianza kufundisha Garfield mwaka 1974, na madarasa yake ya mwanzo ya kalkulasi yalikuwa na wanafunzi wachache mno. Ilichukua miaka ya kutengeneza msingi: masomo ya chini yakaimarishwa, wanafunzi wakasoma hata likizo katika chuo cha jirani. Alikuwa na mwalimu mwenzake, Ben Jiménez, na mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliyemkingia kifua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Gradillas alipoondoka, na baadaye Escalante na Jiménez nao wakaondoka mwaka 1991, idadi ya waliofaulu kalkulasi shuleni hapo ilishuka vibaya. Escalante mwenyewe aliwahi kusema kwamba asilimia 90 ya filamu ni kweli na asilimia 10 ni maigizo, na wanafunzi wangu hufurahia sana kuitafuta hiyo asilimia 10.

Nalisisitiza hili kwa sababu filamu za namna hii zina madhara zikiachwa zijisemee. Zinawafundisha wanafunzi kwamba mwalimu mzuri ni yule anayekesha, anayegombana na wakubwa na kusahau nyumba yake. Mwanafunzi anayeamini hivyo atamdharau mwalimu wake wa kawaida anayefika kwa wakati, anayesahihisha madaftari na kueleza jambo mara tatu bila hasira. Tena atamngoja mtu wa kumwokoa, wakati wale vijana wa Garfield walikaa wenyewe, wakaandika wenyewe, na wakarudia mtihani wenyewe huku wakishukiwa wizi. Nikiuliza mhusika mkuu ni nani, mwanzoni wote husema ni mwalimu. Baada ya wiki tatu majibu yanagawanyika, nami sitafuti zaidi ya hapo.

Walio tayari tunawapa kazi ya kulinganisha kitabu na filamu. To Sir, with Love inafaa sana. E. R. Braithwaite, mzaliwa wa Guyana, alikuwa msomi wa uhandisi aliyetumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita, kisha akakosa kazi ya taaluma yake kwa sababu ya rangi yake, akaingia ualimu mashariki mwa London. Kitabu chake kilitoka mwaka 1959, na filamu, Sidney Poitier akiwa mwalimu, mwaka 1967. Katika kitabu, mapenzi yake na mwalimu mzungu yana nafasi kubwa, pamoja na dharau wanazokutana nazo. Kwenye filamu yamefifishwa. Braithwaite hakuipenda filamu hiyo na hakuficha. Kwa nini yafifishwe, na kwa faida ya nani? Swali hilo peke yake linatosha insha nzima.

Mwisho wa kozi naweka filamu inayovunja mazoea yote hayo, Entre les murs, ya Ufaransa, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 2008. Mwalimu anaigizwa na François Bégaudeau, aliyeandika kitabu chenyewe na aliyekuwa mwalimu kweli, na wanafunzi ni wanafunzi halisi. Mwalimu huyu anajitahidi, ana akili, anawapenda vijana wake, kisha anateleza kwa neno la matusi kwa wasichana wawili na mambo yanamwendea kombo hadi mvulana mmoja anafukuzwa shule. Karibu na mwisho msichana mmoja anamwendea na kumwambia hajajifunza chochote mwaka mzima. Darasa langu huwa kimya kwa muda likisikia maneno hayo. Wapo wanaoniuliza kama mimi nimewahi kuambiwa hivyo, na nawajibu.

Kuna tahadhari moja ambayo walimu wenzangu wasiipuuze. Dead Poets Society, ya mwaka 1989, inapendwa mno, na ndani yake kijana anajiua baada ya kugongana na baba yake. Kwa wadogo siionyeshi. Kwa wakubwa nawaeleza mapema kitakachotokea, namjulisha mwalimu wa ushauri nasaha, na napanga kipindi ili sehemu hiyo isiangukie dakika za mwisho, watoto wakatawanyika bila kuzungumza. Anayeona huo ni usumbufu achague filamu nyingine.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na wanaopanga mitaala ni hili. Mtupe vipindi viwili mfululizo walau mara moja kwa wiki, maana kipindi kimoja kinaishia kwenye kufunga projekta na kutafuta waya wa spika. Filamu iwekwe kwenye mpango wa masomo mapema, iwe na maswali yake ya mtihani, na mzazi aandikiwe mwanzoni mwa muhula ajue ni filamu gani na kwa sababu gani. Tena tupewe muda wa kuandaa majibizano kwa maandishi. Filamu nyingi ziko katika lugha ya kigeni, na wanafunzi wanakimbiza kwa macho maandishi yaliyo chini ya kioo, sentensi ikipotea kabla hawajaimaliza. Mimi huyachapa majibizano ya vipande tunavyovichambua na kumpa kila mwanafunzi nakala yake, apigie mstari kwa kalamu. Kazi hiyo inanila jioni nyingi. Tungegawana kazi hiyo sisi walimu wa shule mbalimbali, kila mmoja akachapa filamu moja na kuwatumia wenzake, tungekuwa na mkusanyiko wa kutosha muhula ujao kuanza nao.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa fasihi, shule ya sekondari